Beringi za kranki zinazokufa mapema kwenye injini ya 150 iliyoongezwa nguvu

Swali: Nina pikipiki ya 150 yenye injini ya ukoo wa Honda CG, ile ya vijiti vya valvu. Nimeweka kemshafti kali na kabureta ya milimita 28, nikapandisha mgandamizo hadi 11 kwa 1, na sasa inafika mizunguko 9,500 kwa dakika, zamani iliishia 8,500. Naitumia kwenye mashindano ya njia ya vumbi. Seti ya tatu ya beringi za kranki imeanza kulia na msimu haujaisha. Fundi mmoja ananishauri niweke za keramiki, mwingine anasema nichomelee kranki. Nifanye nini ziwe imara? *Msomaji, Moshi*

Jibu: Usinunue chochote kwanza. Seti tatu zikifa mfululizo katika injini moja, ya nne nayo itakufa, hata ikiwa ya bei mara tano, mpaka ujue kinachoziua. Tuanze na mzigo uliouongeza, kisha tuzisome hizo beringi zilizokufa, ndipo tufike kwenye kranki, nyumba za beringi na oili. Keramiki na kuchomelea nitakujibu pia, lakini si hapa mwanzoni.

Nguvu inayotokana na pistoni kupanda na kushuka hukua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 8,500 hadi 9,500 ni ongezeko la asilimia 12 tu ukitazama taco (saa ya mizunguko), lakini nguvu hiyo imepanda kwa asilimia 25. Kwa mfano, pistoni ya milimita 62 pamoja na pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi tuihesabu gramu 250, na urefu wa mkupuo (mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu) uwe milimita 49.5. Pistoni ikifika juu kabisa kwa mizunguko 8,500, huivuta kranki kwa nguvu ya kama nyutoni 6,200, sawa na uzito wa kilo 630. Kwa 9,500 inakuwa nyutoni 7,700 hivi. Umri wa beringi ya gololi nao hupungua kwa mchemraba wa mzigo: mzigo ukipanda kwa robo, idadi ya mizunguko ambayo beringi ingeistahimili inashuka hadi karibu nusu. Na kwa kuwa sasa unaimaliza mizunguko hiyo kwa kasi zaidi, ukihesabu kwa saa ni chini ya nusu. Kwa hiyo sehemu ya tatizo lako ni hesabu tupu, na hakuna beringi itakayoifuta.

Mgandamizo una tabia nyingine. Gesi ikiwaka husukuma pistoni chini, wakati uzito wa pistoni inayofika juu unavuta kwenda juu, hivyo kwenye mizunguko mikubwa viwili hivyo hupunguzana. Kwenye mizunguko midogo, ukiwa umefungua kabureta yote katika gia kubwa ukipanda mlima, hakuna cha kupunguza: mlipuko wote unatua kwenye pini, kisha kwenye beringi kuu. Ukisikia injini inagonga hapo, kama kokoto ndani ya kopo, beringi inapigwa nyundo kila mzunguko wa pili. Kwa 11 kwa 1 na petroli ya kawaida ya kituo, rudisha taimingi nyuma digrii mbili au tatu, hakikisha mchanganyiko wa kabureta si mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi), na shusha gia mapema. Hayo hayana gharama yoyote, na kwa maoni yangu yanaokoa beringi nyingi kuliko chapa yoyote unayoweza kununua.

Sasa chukua beringi za zamani. Natumaini hukuzitupa. Kata pete ya nje kwa grinda, vaa miwani ya kujikinga, fungua, osha kwa mafuta ya taa na utazame njia ya gololi kwenye mwanga mkali. Njia iliyomenyeka vipande vidogo kama magamba, katika sehemu moja ya duara tu, ni uchovu wa chuma: beringi imebeba mzigo mpaka ikachoka. Njia inayokwenda mshazari, yaani upande mmoja wa pete imepanda na upande wa pili imeshuka, ikiwa kwenye pete ya nje inasema nyumba mbili za beringi hazitazamani, na ikiwa kwenye pete ya ndani inasema kranki imepinda. Njia iliyosogea ukingoni inaonyesha kranki imebanwa kwa ubavu. Rangi ya kahawia au buluu ni joto: oili haikufika au nafasi ya ndani (kati ya gololi na pete) iliisha. Vidoti vidogo vingi visivyo na mpangilio ni uchafu uliopita na oili. Vishimo vilivyopangika kwa umbali uleule kama wa gololi na gololi ni kazi ya nyundo siku ya kufunga, na hiyo beringi ilikuwa imekufa kabla injini haijawashwa. Mwisho geuza pete ya nje utazame mgongo wake: ukiwa unang'aa kama umepigwa msasa, au una unga wa kahawia, pete ilikuwa inazunguka ndani ya kesi.

Kwa injini iliyoongezwa nguvu bila kranki kufunguliwa, dau langu ni mshazari au mgongo unaong'aa. Nitaeleza vyote viwili.

Kranki ya ukoo huu si kipande kimoja. Ni magurudumu mawili ya chuma yaliyoshikwa na pini iliyoshindiliwa kwa presi, na konrodi katikati juu ya beringi ya sindano. Pini inashikwa na ubano peke yake, yaani pini kuwa nene kuliko tundu lake, kwa kawaida kati ya milimita 0.05 na 0.10. Pikipiki ikiruka, gurudumu la nyuma likatua huku linazunguka kwa kasi, au ukiachia klachi ghafla, gurudumu moja la kranki linaweza kuteleza kidogo sana kwenye pini. Huwezi kuliona kwa jicho, lakini beringi mbili zinaanza kukunjwa kila mzunguko.

Toa kranki, iweke kwenye vibloko viwili vya V kwenye viti vya beringi, au kati ya ncha mbili za mashine ya kukerezea ikiwa vishimo vya katikati ni vizima. Weka geji ya mshale kwenye shafti pande zote mbili, zungusha polepole, usome tofauti kati ya pointi ya juu na ya chini. Kitabu cha injini kitakupa kikomo chake, nacho ni kikomo cha pikipiki ya barabarani. Kwa mizunguko 9,500 mimi sikubali zaidi ya milimita 0.02 upande wowote. Pima pia upana wa nje wa magurudumu mawili kwa mikromita sehemu nne: mbele ya pini, mkabala wake, na pembeni kote kuwili. Tofauti ikizidi 0.05, magurudumu yamefunguka au yamebanana.

Makosa ni ya aina mbili, na tiba hazifanani. Gurudumu likiwa limezunguka kwenye pini, mishale ya kushoto na kulia hupanda kwa nyakati tofauti. Hapo kranki inashikwa mkononi na kupigwa pigo moja la nyundo ya shaba kwenye ukingo wa gurudumu, kisha inapimwa tena. Magurudumu yakiwa yamebanana au kufunguka, mishale yote hupanda pamoja wakati pini ipo juu au chini. Hapo unatumia kabari kuyafungua au jiliwa kuyabana. Wakati wa kunyoosha, usipige shafti yenyewe kamwe. Kazi hii inataka subira, na fundi asiye na geji ya mshale usimpe kranki yako hata kama ana jina mjini.

Ukibadilisha seti ya konrodi kwa wakati huo, angalia tundu la oili kwenye pini. Katika injini hii oili inatoka kwenye pampu, inapita mfuniko wa upande wa klachi, inaingia kwenye kikombe cha kuchuja kinachozunguka mwishoni mwa kranki, kisha kupitia tundu ndani ya shafti hadi pini na beringi ya sindano. Pini ikishindiliwa ikiwa imegeuzwa, tundu linazibwa, na beringi ya sindano inaungua ndani ya saa chache. Puliza hewa kutoka mwisho wa shafti usikie inatokea kwenye konrodi kabla hujafunga kesi. Fungua na kile kikombe ukikwangue: mafundi wengi hubadilisha oili miaka na miaka bila kukigusa, na tope linalojaa humo ndilo linalokwenda kwenye pini. Ubavu wa konrodi uwe na nafasi inayopimika kwa fila geji, na ukiivuta konrodi juu chini isicheze kabisa.

Tukija kwenye kesi, hapa ndipo injini nyingi za mashindano zinapoharibikiwa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua beringi 6304, yenye milimita 20 ndani, 52 nje na upana 15, kama mfano wa hesabu. Wewe soma namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi yako. Kutoka nyuzi 20 hadi 100, nyumba ya alumini ya milimita 52 inatanuka kuizidi pete ya chuma kwa kama milimita 0.046. Ikiwa beringi iliingia na ubano wa 0.02 injini ikiwa baridi, mbioni hakuna ubano tena, kuna nafasi ya 0.026, na pete inaanza kuzunguka na kula alumini. Kila ikila, nafasi inaongezeka, kranki inayumba, na mlio unaousikia unakuja.

Kwa nyumba ya alumini tupu lenga ubano wa baridi kati ya 0.03 na 0.05. Kesi nyingine zina pete ya chuma iliyomiminiwa ndani ya alumini. Hiyo haitanuki kama alumini, hivyo inahitaji ubano mdogo, na ukiikaza kama alumini utaibana beringi bure. Pima kwa geji ya kupimia matundu, sehemu tatu za duara na kina viwili. Kiti cha shafti ya milimita 20 kisome kati ya 20.002 na 20.011. Beringi ikiingia kwenye shafti kwa kusukumwa na vidole, kiti kimekwisha.

Nyumba ikiwa imelika kidogo, chini ya 0.05, gundi ya kushikilia beringi kama Loctite 641 au 638 itakusaidia, mradi alumini na pete zimeoshwa kwa asetoni mpaka hakuna oili hata kidogo, na gundi isifike kwenye gololi. Ikizidi hapo, kesi ipelekwe kwa mkereza, itanuliwe, ivishwe kikombe cha chuma kwa joto, kisha nyumba zote mbili zichongwe kesi zikiwa zimefungwa pamoja, katika mpangilio mmoja wa mashine. Kuchonga kila nusu peke yake ndiko kunakoleta ule mshazari. Na ule mtindo wa kupiga vidoti kwa sentapanchi ndani ya nyumba ili beringi "ishike" uachwe kabisa: beringi inakaa juu ya vinundu vinavyolala ndani ya saa ya kwanza ya kazi, na duara haliko tena duara.

Baada ya hapo ndipo unachagua beringi. Chagua C3, daraja lenye nafasi ya ndani kubwa kuliko ya kawaida, na herufi hizo ziwe zimechongwa kwenye pete yenyewe. Beringi ya kawaida ya milimita 20 ndani ina nafasi ya ndani ya 0.005 hadi 0.020, C3 ina 0.013 hadi 0.028, C4 ina 0.020 hadi 0.036. Ubano wa shafti na wa nyumba hula sehemu ya nafasi hiyo. Ukiwa umekaza nyumba hadi 0.04 au zaidi, C3 inaweza kubaki na nafasi karibu na sifuri injini ikiwa baridi, na hapo C4 ina maana, pamoja na nidhamu ya kupasha injini moto dakika tatu au nne kabla ya kuipandisha. Isiwe na vifuniko vya mpira pembeni. Beringi kuu za injini hii hulainishwa na oili inayorushwa ndani ya kesi; ukiweka yenye vifuniko, oili haiingii na grisi yake itaungua. Nunua kwa wakala anayejulikana, kwa sababu beringi bandia zimejaa. Kwa SKF kuna programu ya simu ya kuhakiki maboksi yao.

Ukitaka kubeba mzigo mkubwa zaidi bila kuchonga kesi, badilisha upande wa gia ya klachi uwe beringi ya rola. NU 304 ina vipimo vilevile vya nje na vya ndani kama 6304, lakini uwezo wake wa kubeba uko kama kilonyutoni 35, wakati 6304 iko karibu 17. Hili ndilo badiliko pekee la beringi ninaloliheshimu kwa injini yako, na lina masharti yake. NU haishiki shafti kwa ubavu, kwa hiyo upande wa magneto ubaki na beringi ya gololi, imefungwa vizuri pande zote, ndiyo imiliki mkao wa kranki. Kama gia ya kranki inayoendesha klachi ina meno ya mshazari yanayosukuma kranki ubavuni, sharti hilo ni la lazima. Pia rola haivumilii mshazari: gololi inaweza kustahimili hadi dakika kumi za pembe (dakika sitini ni digrii moja), rola dakika nne hivi tu, ikizidi inabeba kwa ukingo na kumenyeka haraka kuliko gololi uliyoitoa. Ndiyo maana nimekuambia unyooshe kranki kwanza. Keji, yaani fremu inayotenganisha rola, iwe ya shaba nyeupe au chuma ukiipata. Za nailoni zina kikomo cha nyuzi 120, na injini ya kupozwa kwa hewa inapanda mlima jua kali inaweza kukikaribia.

Keramiki siipendekezi. Faida yake kubwa ni kasi, na kasi si shida yako: 6304 ya kawaida inaruhusiwa hadi kama mizunguko 20,000, wewe uko chini ya nusu. Gololi za keramiki ni ngumu kuliko chuma, hazibonyei, hivyo kila pigo linatua kwenye eneo dogo zaidi la pete. Kwa injini ya silinda moja inayopigwa namna hii, utalipa pesa nyingi upate kidogo au usipate kitu.

Kuchomelea pini kuna historia ya heshima. Waendeshaji wa mbio fupi za moja kwa moja waliokuwa na Kawasaki Z1 ya mwaka 1972 na Suzuki GS1000 walichomelea kranki zao, kwa kuwa zile ni injini za silinda nne zenye kranki ya kuunganishwa, na nguvu ya silinda za mbali inapita pini kadhaa kabla ya kufika kwenye gia. Zilikuwa zinajinyonga. Yako ina pini moja. Kwanza chora mstari mwembamba kwa kalamu ya chuma kutoka kwenye pini hadi kwenye gurudumu, pande zote mbili, baada ya kunyoosha. Ukifungua injini mara nyingine na mstari umeachana, pini inateleza, na swali ni kama tundu limelegea: magurudumu yaliyoshindiliwa mara tatu au nne hulegea, na dawa ni magurudumu mapya au pini yenye unene wa ziada. Kuchomelea kuwe hatua ya mwisho, kwa TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi ya kukinga), nukta fupi mbili kila upande, mbali na tundu la oili, beringi ya sindano ikiwa imefunikwa na kupozwa, kisha kupima upya, maana joto la kuchomelea huvuta kranki. Ujue pia kwamba chuma cha pini kina kaboni nyingi na hupasuka kwa urahisi, na kranki iliyochomelewa haibadilishwi konrodi bila kukatwa.

Kufunga sasa. Nusu ya kesi iingie kwenye oveni kwa nyuzi 100 hadi 110, dakika ishirini, beringi ikiwa imelala friza usiku mzima. Tone la maji likichemka mara moja juu ya alumini, kesi iko tayari. Beringi inapaswa kuanguka mahali pake kwa uzito wake au kwa kusukumwa kidogo. Usitumie moto wa gesi sehemu moja, utaikunja kesi. Beringi inayokwenda kwenye shafti ipashwe ndani ya oili hadi nyuzi 100, ikiwa imening'inia bila kugusa chini ya sufuria. Ukilazimika kusukuma, sukuma pete ile inayobanwa tu: ya nje ukiingiza kwenye kesi, ya ndani ukiingiza kwenye shafti. Nguvu isipite kwenye gololi hata mara moja.

Kesi zikishafungwa na kupoa, zungusha kranki kwa vidole. Ikiwa nzito, imebanwa kwa ubavu: piga kidogo ncha ya shafti kwa nyundo ya shaba, kushoto kisha kulia, mpaka iachie na kuzunguka kwa wepesi uleule duara zima. Isipoachia, fungua utafute beringi isiyokaa hadi mwisho wa nyumba yake. Bolti zikikazwa juu ya kranki iliyobanwa, ndiyo ile njia iliyosogea ukingoni niliyokutajia. Kabla ya kurudisha magneto, ijaribu kwenye koni ya shafti kwa wino wa kukagulia. Isiposhika angalau theluthi mbili ya koni, isugue kwa dawa ya kusagia valvu, kwani uzito unaoyumba nje ya beringi huipinda kranki kila mzunguko. Kama una uwezo wa kupata magneto nyepesi, upande huo wa kranki utapumua.

Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya Kijapani vya oili isiyotelezesha klachi), 20W-50 kwa joto la kwetu au 10W-40 ya sintetiki. Injini hii inabeba kama lita moja tu, na lita hiyo hiyo inalainisha klachi na gia, hivyo inachafuka upesi: imwage kila baada ya mashindano, weka sumaku kwenye bolti ya kumwagia. Unga wa kijivu laini ni wa kawaida mwanzoni. Vipande vinavyong'aa vyenye umbo la gamba, vinavyosikika ukivisugua kati ya vidole, ni pete ya beringi imeanza kumenyeka, na injini izimwe siku hiyohiyo, kwa kuwa vipande hivyo vinakwenda moja kwa moja kwenye pampu na beringi ya sindano. Hata ukifanya yote haya sawasawa, panga kubadilisha beringi kuu mwisho wa kila msimu na kuipima kranki upya zikiwa nje. Sogeza pia kikomo cha kupandisha gia hadi 9,200 ikiwa nguvu yako ya juu iko hapo. Mizunguko 300 ya mwisho ambayo haikupi kasi inakugharimu asilimia sita au saba ya mzigo wa pistoni.